Uji wa Mwanangu kwa Mkono wa Jirani

Mwanangu alikuwa na miezi saba alipoanza kunifungia mdomo. Hakulia wala hakurusha mikono. Nilikuwa namkalisha mapajani, napoza uji, napeleka kijiko, naye anabana midomo yake midogo na kunitazama usoni kwa utulivu, kama karani wa benki anayekueleza kwamba umepanga foleni isiyo yako. Nikijaribu kwa pembeni, anageuza shingo. Nikimwimbia, anacheka mdomo ukiwa umefungwa. Sikujua kabla ya hapo kwamba mtoto anaweza kucheka hivyo.

Ilikuwa mwaka 2017, baridi ya Johannesburg ndiyo inaanza kuuma, na mimi sikuwa mtu wa kukataliwa uji. Nilikuwa mpishi. Kabla ya kujifungua nilikuwa napika kifungua kinywa kwenye kantini ya jengo moja la ofisi kule Midrand: mayai, soseji, maharage ya nyanya, na sufuria kubwa ya uji mzito wa mahindi ambao Wasauzi huula kwa kijiko, siagi ikiyeyuka juu yake. Wahasibu wenye tai walikuwa wanarudi na bakuli mara ya pili. Sasa mtu mmoja, mwenye jino moja na nusu, ananiambia chakula changu hakifai. Niliumia, na niliumia zaidi kwa sababu hakuna wa kumshitakia.

Unga wenyewe haukuwa wa mchezo. Mama yangu aliutuma kutoka Morogoro kwa mtu aliyekuwa anasafiri, umefungwa kwenye mifuko mitatu ya plastiki mmoja ndani ya mwingine. Ulikuwa unga wa lishe hasa: mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga na mbegu za maboga. Kwetu ukizaa, kila mwanamke anayekuja kukupa hongera anakuachia ushauri wa kuongeza kitu kimoja kwenye unga wa mtoto, na ukikataa unaonekana huna adabu, kwa hiyo unga unaongezeka watu kama ukoo. Nilikuwa naupika kama nilivyoona ukipikwa tangu nikiwa mdogo: mwepesi, laini, unateremka wenyewe kwenye kikombe. Uji mzuri kwetu ni ule unaonyweka. Ukiwa mzito, watu wanakuuliza kama ulikuwa unapika ugali ukakatisha safari.

Tulikuwa tunakaa Berea, mtaa ulio karibu na katikati ya jiji, ghorofa ya nne ya jengo la zamani ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ilizopenda yenyewe. Flati ilikuwa ya vyumba viwili. Kimoja chetu, mimi, mume wangu na mtoto. Cha pili kilikuwa cha mama mmoja Mkongomani, mtu wa Lubumbashi, aliyekuwa anasuka nywele za wateja humo humo chumbani kwake. Jiko na bafu vilikuwa vya wote. Alikuwa amenizidi umri vya kutosha nimwite mama, na nilimwita mama. Yeye aliniita dada, nadhani kwa sababu hakutaka kuzeeshwa mapema.

Mume wangu ni Msauzi aliyezaliwa Morogoro. Wazazi wake walikuwa uhamishoni kwetu enzi za kupigania uhuru wao, wakarudi nyumbani yeye akiwa na umri wa kuanza shule. Alipokuwa mtu mzima alikuja kutazama mji aliozaliwa, akaniona mimi, na mengine ni ya ukoo. Kiswahili chake kilikuwa kile alichoondoka nacho, cha mtoto wa miaka sita, na alikitumia hasa akiwa na njaa. Alifanya kazi za usiku kwenye ghala. Anarudi asubuhi macho mekundu, anaoga, analala. Kumwachia mtu wa hali hiyo mtoto mchanga ni kuwaacha watoto wawili.

Kazi yangu ndiyo iliyokuwa inanikimbiza. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, nikaomba kuongezewa muda bila mshahara, na meneja akakubali mpaka mwanzo wa Agosti. Baada ya hapo, alisema kwa upole, yule aliyeshikilia nafasi yangu angebaki nayo. Jirani yangu alikuwa tayari kushinda na mtoto, kwa kuwa yeye hakutoka. Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa ananyonya tu, na nyonyo lingekuwa Midrand kutwa nzima.

Mama mkwe aliliona hilo kabla yangu. Alikuwa anaishi Soweto, kwenye nyumba yenye uani na jua, na alizungumza Kiswahili cha Morogoro cha zamani, chenye maneno ambayo hata mama yangu alishayaacha. Aliniita makoti, kama wanavyomwita mke wa mtoto wao. “Makoti,” alisema, “mtoto asiyekula haachwi kwa mtu baki. Akila vizuri, abaki na nyinyi. Asipokula, mlete kwangu, mtakuwa mnakuja wikiendi. Watoto wote hapa wamelelewa hivyo.”

Hakusema kwa ubaya. Kweli watoto wengi kule hukulia kwa bibi zao huku mama zao wakifanya kazi mjini, na hukua vizuri tu. Mume wangu alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa yeye aliona ni mpango wa akili. Mimi niliona kitu kimoja: ningekuwa mama wa Jumamosi na Jumapili. Sikuvuka mipaka mitatu kwa basi ili nizae mtoto wa kumtembelea. Kwa hiyo kila asubuhi nilipokuwa nampelekea mwanangu kijiko na yeye anafunga mdomo, nilikuwa naona begi lake la nguo likishuka ngazi.

Nilijaribu kila kitu. Niliponda ndizi mbivu na kipande cha parachichi mpaka vikawa laini kama losheni. Akalamba mara moja akaacha. Nilichemsha kiazi kitamu, nikakiponda na maziwa yangu mwenyewe niliyoyakamua. Akakitema juu ya kitenge changu. Nilipika malenge. Nilichukua unga wa mabele, yaani mtama wa kule, nikaupika na kuuchanganya na maziwa lala wanayoyaita amasi, kama mama mkwe alivyonielekeza kwa simu; akakunja uso wote kama mzee aliyeonja ndimu. Nilinunua hata ule unga wa dukani wa kwenye boksi lenye picha ya mtoto mnene, nikajiona msaliti, na wenyewe akaukataa. Hapo angalau nilifurahi kidogo.

Kliniki walimpima. Mstari wa uzito wake, uliokuwa unapanda tangu azaliwe, ulikuwa umelala. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, hakunitisha. Aliniuliza namlisha nini, nikamwambia. Akataka nimweleze uji wangu ulivyo, nikamweleza kwa fahari, nafaka kwa nafaka. Akachukua kijiko cha dawa mezani, akakiinamisha. “Ukiinamisha hivi, uji unamwagika?” Nikasema unamwagika, ndiyo uji. Akasema tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, nikilijaza maji hakuna pa kuweka chakula. Uji ukae kwenye kijiko. Kisha akaniuliza kuna kitu gani mtoto anakula kabla ya uji. Nikajibu bila hata kufikiri kwamba hakuna, ni ziwa la alfajiri tu. Akaandika, akaniambia nirudi baada ya wiki chache.

Nilitoka pale nimenuna. Mambo ya kijiko niliyasikia lakini sikuyakubali. Vizazi vya watu wa Morogoro vilikunywa uji mwepesi na vikabeba magunia.

Lazima nieleze asubuhi zetu zilivyokuwa. Mtoto akiamka nilimnyonyesha, halafu jirani yangu alikuwa anabisha mlangoni na kusema, “Dada, leta mutoto, ufanye kazi.” Nilimkabidhi. Ulikuwa msaada mkubwa mno, maana nepi nilikuwa nafua kwa mkono bafuni, na jiko letu lilikuwa la sahani mbili, moja ikiwa imekufa. Nikimaliza kufua, napika uji, unapoa, ndipo namfuata mtoto. Siku zote nilimkuta amekalishwa kwenye mkeka kati ya vitana na mafungu ya nywele bandia, ametulia, uso umefutwa.

Asubuhi moja maji yalikatika jengo zima. Nilisimama bafuni na beseni la nepi kavu, nikatukana kidogo kimoyomoyo, nikarudi mapema. Nilikuwa peku. Mlango wa jirani ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Nikamwona ameketi kitandani, mwanangu mapajani, na kwenye stuli kikombe cha chai ya maziwa inayotoa mvuke. Alikuwa anachovya mkate kwenye chai, anaupuliza, anaukandamiza kwa vidole, anampa. Na mwanangu, mtu niliyemhangaikia na malenge na amasi, alikuwa ameachama mdomo kama kinda. Akimeza anadai tena. Alikuwa anapiga paja la yule mama kwa kiganja ili aharakishe.

Nilirudi jikoni kimya kimya kama mwizi, na mtoto ni wangu.

Niliona wivu. Naliweka neno lenyewe, maana hakuna jingine. Hasira ya chai ilikuja baadaye, nilipoketi kwenye ndoo na kufikiri: chai yenye sukari na mkate mweupe, kila asubuhi, nusu saa kabla ya uji wangu, halafu mimi naleta kijiko kwa mtu aliyeshiba. Tumbo dogo kama ngumi, na ngumi imejaa chai. Ndiyo maana alikuwa ananitazama vile. Alikuwa mstaarabu tu, amekwisha kula kwa watu.

Msomaji atauliza kwa nini sikuingia na kusema. Mume wangu aliuliza hivyo hivyo. “Eish, mwambie tu chai haina kitu,” alisema akiwa amejifunika mpaka kichwani.

“Mwambie wewe.”

“Mimi nalala.”

Mwanaume hajui mzigo wa neno hilo. Kumwambia mwanamke mwenzako asimpe mwanao chakula ni kumwambia unauogopa mkono wake, kwamba una sumu au uchawi. Kwetu Tanzania jambo hilo hufanywa kwa hila: unasema mtoto anaharisha, unasema daktari kakataza, na mwenzako anajua lakini mnaendelea kusalimiana. Kwa Wakongomani niliokaa nao Berea, niliona mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili akimnyang'anya mtoto wake kipande cha mkate alichopewa na jirani. Hakusema neno. Kufika Jumapili jengo zima lilikuwa linamtazama yule jirani mikononi, na kanisani walimwachia benchi peke yake. Mimi nilihitaji mkono wa huyu mama kuliko kitu chochote. Nikimkatalia chakula, angekubali vipi kukaa na mtoto wangu kutwa? Na asipokaa naye, begi la nguo linashuka ngazi.

Kwa hiyo nikafanya ujinga wa watu waoga: nikaamua kumuwahi. Nilipika uji kabla hakujakucha ili mtoto aukute wa kwanza. Kesho yake jirani akasikia sufuria, akaamka mapema zaidi, akabisha: “Dada, umeamka tayari? Leta mutoto.” Nikaanza kupika kwa giza, bila kuwasha taa ya jiko. Akasema nachoka sana, akamchukua mtoto hata kabla sijamaliza kumnyonyesha. Tulikimbizana hivyo karibu wiki nzima, wote tukiwa na nia njema na macho mazito, na mtoto akinywa chai mapema kuliko mtu yeyote Berea.

Jumapili tukaenda Soweto. Mama mkwe alinishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma. Alikuwa ametoa kile kitanda cha mtoto alicholalia mume wangu waliporudi kutoka Tanzania, amekikwangua kutu, amekipaka rangi nyeupe. Godoro lilikuwa jipya. Kwenye kona alikuwa ameweka bakuli na kijiko kidogo cha plastiki. “Sijasema lazima, makoti,” alisema. “Nimesema kiwe tayari.” Alikuwa na furaha ya kweli usoni, furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu kwenye nyumba kimya. Nilishindwa kumchukia. Nilikisifia kitanda, nikaenda chooni, nikalia, nikanawa uso kwa maji ya baridi.

Jumatatu asubuhi jirani alipobisha, nilimkabidhi mtoto kama kawaida. Halafu nikachukua mkebe wa unga wa lishe, wote, na ile chupa ya siagi ya karanga niliyokuwa nimeisaga mwenyewe, nikamfuata chumbani. Kikombe cha chai kilikuwa tayari kwenye stuli. Aliliona jicho langu likikitazama.

“Mama,” nilisema, “mtoto hataki uji kwa mkono wangu. Nakuomba umpikie wewe.”

Nikaweka mkebe mapajani kwake. Alikaa nao bila kuufungua. Mtoto alikuwa anavuta kilemba chake na yeye hakumzuia.

“Unga yako wewe,” alisema.

“Wangu. Mama yangu aliutuma.”

“Na mimi njo nipike. Peke yangu.” “Njo” yake ni “ndiyo” yetu.

“Peke yako. Mimi nitafua.”

Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kabla ya Berea alikuwa amepanga chumba upande mwingine wa mji, kwa watu wa kwao. Kulikuwa na mtoto humo, akawa anampa mkate. Siku moja mama wa yule mtoto akamwambia asimpe tena. Hakusema sababu. Mtoto alikuwa anaumwa kifua, na kifua kilipozidi, watu wakaanza kukumbushana ni nani aliyekuwa anamlisha. Aliondoka na kibegi kimoja na kiti chake cha kusukia.

“Hapa, kila asubuhi nikimupa mutoto yako kakitu, nilikuwa nangojea,” alisema. “Nasema, leo njo siku ile dada atakataza. Leo njo siku. Na wewe haukukataza. Uliona chai?”

“Niliona.”

“Na haukusema kitu.”

“Sikusema.”

Aliinama akamfuta mtoto pua, ingawa pua ilikuwa kavu. Nilikuwa nimedhani ananipokonya mtoto kwa chai, kumbe alikuwa ananipima kila siku, na kila siku nilikuwa nafaulu kwa kutojua. Na siku niliyojua nilinyamaza kwa woga, sio kwa wema, lakini hilo sikumwambia.

“Nesi anasema chai inamjaza tumbo bure,” nilisema, nikimwongezea nesi maneno. “Anasema uji, mzito, na mayai.”

“Nesi iko na haki,” alisema. Akachukua kikombe, akakinywa chote mwenyewe, mkate ukiwa ndani.

Kisha akafungua mkebe, akachota kidogo, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. “Dada, hii ni unga ao ni soko? Bintu bingapi humu?”

Nilimtajia. Alikuwa anahesabu kwa vidole, akafika kwenye mbegu za maboga akaacha. Akasema mtoto mdogo hawezi kusalimiana na watu wote hao asubuhi moja. Atajuaje nani kamuumiza tumbo? Unga huo tuule sisi, wa mtoto atapika wa mahindi na ulezi tu, aliokuwa nao kwenye kopo lake, karanga aitie mwenyewe mwishoni. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri, lenye mama yangu ndani yake. Lakini nilikuwa nimesema nitafua, nikaenda kufua.

Kutoka bafuni nilisikia mwiko. Alikoroga unga kwa maji baridi kwanza, akamimina kwenye yanayochemka, akaupika muda mrefu kuliko mimi, akiuacha utoe mapovu mazito yale yanayoruka na kuunguza mkono. Aliupunguza moto, akatia kijiko cha karanga, akaponda nusu ya ndizi mbivu humo ndani. Sukari hakutia, ndizi ilitosha. Niliporudi na beseni aliniinamishia kijiko bila kuambiwa na mtu. Uji ulikaa.

Mtoto alikula. Sisemi alimaliza, lakini alikula, na alipoacha ilikuwa kwa sababu ameshiba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika nepi mbichi zinazonidondokea miguuni. Siku ya pili alikula zaidi. Siku ya tatu jirani aliponda kiini cha yai lililochemshwa akakichanganya kwenye uji wa mahindi na chumvi ya kuonja tu, mtoto akala. Tukawa tunabishana jikoni kila asubuhi, jambo zuri sana. Yeye alitaka mchicha kidogo ndani ya uji. Nikamwambia hiyo ni dharau. Mimi nilitaka kiazi kitamu na maziwa. Akasema hicho ni chakula cha mgonjwa, lakini akakipika. Mabele na amasi alivikubali baada ya mimi kumwambia ni mapishi ya bibi ya mtoto, na siku ile mtoto alipovila niliwapigia Soweto niwape habari. Mama mkwe alicheka. Halafu akauliza, “Anakula kwa nani?” Nikasema kwa jirani. Akasema ni vizuri.

Nilirudi kazini mwanzo wa Agosti. Natoka nyumbani bado giza, namkabidhi mtoto akiwa na usingizi, nafika Midrand, nawasha majiko makubwa. Mwanzo nilikuwa najiliwaza kwa kufikiri analia. Siku moja nilisahau simu nikarudi ghafla kutoka chini ya ngazi, nikawakuta wameanza: bakuli mkononi, mtoto kwenye kiti cha kusukia, kijiko kinakwenda. Nilisimama pale na koti langu. Jirani aliniona akasema niende kazi, dada, nitachelewa. Mtoto hakugeuka. Alikuwa anafuata kijiko kwa macho yote mawili. Nilikuwa nimeomba hicho hicho, tena kwa machozi kwenye choo cha watu, na nilipopewa kiliniuma.

Siku ya kliniki iliangukia katikati ya wiki, na meneja hakunipa ruhusa. Jirani akampeleka, amemfunga mgongoni kwa kitenge chake kizuri cha kanisani. Niliporudi jioni nilimkuta jikoni anaosha vyombo, mtoto amelala. Alifuta mikono, akanipa kadi. Mstari ulikuwa umeinuka. Haukupanda sana, lakini ulikuwa umeamka na kuelekea juu, na hata mtu asiyejua kusoma angeuona.

Nilimpigia mama mkwe simu pale pale. Alisema tumshukuru Mungu. Akasema kitanda atakiacha pale pale, watoto wataendelea kuzaliwa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida na nilijua si ya kawaida, nikamwahidi tutakuja Jumapili na mtoto akae naye mpaka jioni, na amlishe yeye.

Nilipokata simu jirani alikuwa bado amesimama karibu na sinki.

“Dada, kuko kitu moja,” alisema. “Ile nesi aliona kilo, akafurahi. Akaniambia, mama, umefanya kazi muzuri, mutoto yako iko anaendelea.” Alikuwa anakunja kitambaa cha vyombo, anakikunjua, anakikunja tena. “Alifikiri mimi njo mama yake. Na mimi sikukatala. Nilisema asante. Utakasirika?”

Nilimwambia sijakasirika. Nusu ilikuwa kweli. Nikamwambia nesi hakukosea sana. Hiyo ilikuwa kweli yote, na ndiyo iliyokuwa ngumu kutoka.

Alikwenda kulala. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria ndogo, uji wa asubuhi umegandia pembeni, mahindi na ulezi na karanga. Nilichukua kijiko cha mtoto nikaukwangua wote, nikaula umepoa nikiwa nimesimama. Haukukosa kitu.